Kususa Kwangu Mezani kwa Mwalimu Mkuu

Parokiani, Likasi,
Shaba, Zaire.
25 Juni 1995

Mpendwa Shangazi Kalunde,

Shikamoo. Kabla ya yote, miguu inaendeleaje? Barua yako ilisema imevimba tena tangu masika, nami nakujua, utakuwa unasema ni uzee huku ukiendelea kusimama jikoni kutwa nzima. Kaa chini, Shangazi. Wakwe zako wana mikono, waache wasonge ugali wenyewe.

Mimi mwili ni mzima. Malaria iliyonipokea huku imekwisha na nimeanza kunenepa. Ugali wanauita bukari, na kisamvu wanakiita sombe, lakini tumbo halijali majina. Roho tu ndiyo haijatulia, na hilo ndilo litakalojaza karatasi hizi.

Barua hii haipiti posta ya hapa. Posta imebaki jengo. Inabebwa na Godefroid, mfanyabiashara wa samaki wakavu, ambaye ataitumbukiza sandukuni Ndola akivuka kwenda Zambia. Ikichelewa, ujue samaki walichelewa.

Ile barua yangu ya Februari, niliyokusifia nyumba na mapokezi, naomba uitie moto. Nilikuambia nimepewa nyumba ya matofali yenye sakafu nyekundu, pazia la maua na bustani ya sombe nyuma. Nilikuambia mwalimu mkuu, Bwana Adolphe, amenipokea kama binti yake. Ulipoisoma bila shaka ulisema, mtoto wa kaka yangu kaenda kujitolea ng'ambo na kaangukia mahali pema. Niliangukia kweli, ila sikuangalia nimemwangukia nani.

Kazi yenyewe ni darasa la kwanza. Watoto hapa huanza kusoma kwa Kiswahili kabla ya kuingizwa kwenye Kifaransa, ndiyo maana parokia ikaomba mwalimu kutoka kwetu. Siku ya kwanza nilipofungua kinywa walicheka mpaka mmoja akaanguka kwenye benchi. "Madame anaongea sawa vile ku misa!" walisema. Sasa tumezoeana. Nao ni watoto wenye akili, ingawa wengi wanakuja bila kula. Baba zao walikuwa wakifanya kazi viwandani, na viwanda sasa vimelala, kwa hiyo wanakwenda machimbo ya Kamatanda kuchimba kwa koleo na bahati. Serikali imeacha kuwalipa walimu. Shule ipo kwa sababu wazazi wanaibeba.

Kilichonishangaza ni ubaridi. Walimu wenzangu wakiniona naingia walihamia Kifaransa. Akina mama bombani walinipisha nichote maji, lakini kama unavyompisha askari. Nikajiambia labda ndiyo desturi ya miji ya migodi, watu hawana salamu. Nikazidisha salamu zangu za Tabora, wakazidi kunitazama.

Mtu mmoja tu alinifungulia moyo, naye ni Suzanne, mke wa Bwana Adolphe. Nilipougua, ndiye aliyekuja na uji, akanifulia shuka nilizotapikia, akakaa kando ya kitanda akinihadithia habari za mwanawe Sephora mpaka nikasinzia. Suzanne anauza vitumbua karibu na geti la shule. Mshahara wa mumewe unakuja ukipenda, kwa hiyo nyumba yao inakula kutoka kwenye karai lake. Mshike mtu huyo akilini, Shangazi.

Asubuhi moja ya mwezi wa tatu nilisikia kisu nyuma ya nyumba. Nikachungulia, mwanamke mwembamba mwenye vumbi jeupe mpaka kwenye nyusi anakata sombe yangu na kuitia kwenye kikapu. Unanijua. Nilitoka na ufagio nikapiga yowe la mwizi. Majirani wakaja mbio, lakini hakuna aliyemshika. Walinitazama mimi.

Yule mwanamke hakukimbia. Alisema taratibu, "Minye hapana mwizi, Madame. Hii sombe minye njo niliipandaka. Na ile rido ku dirisha, minye njo niliishonaka. Weye uliomba banitoshe mu nyumba, sasa unanikatalia na majani?"

Nikasema sikuomba mtu atolewe popote. Jirani mmoja, Mama Mbombo, akadakia kwa hasira, "Si weye njo uliandika asema hautaki kukaa na muntu? Directeur Adolphe alitusomea!"

Hapo ndipo nilipojua nililala kitandani kwa nani. Yule mwanamke anaitwa Hélène. Ndiye aliyekuwa mwalimu wa darasa la kwanza kwa miaka mingi, na ile ndiyo nyumba yake. Mumewe, Carlos, alikwenda Kolwezi kutafuta kazi na hajasikika. Hélène alikuwa na kosa moja: kwenye mkutano wa wazazi alimuuliza Bwana Adolphe, mbele ya watu, kwa nini michango ya walimu haiwafikii walimu. Adolphe akatabasamu, akangoja. Nilipokaribia kuja, akawakusanya walimu na wazazi, akawasomea barua aliyodai ni yangu, kwamba Mtanzania ameweka masharti, anataka darasa lake peke yake na nyumba yake peke yake, la sivyo haji. Vyombo vya Hélène vikatolewa nje mvua ikinyesha. Yeye na wanawe wakaenda kwa binamu yake huko Kakontwe, ambako anaponda mawe ya chokaa na kuuza kokoto kando ya barabara.

Shangazi, wewe ulikuwepo nilipoandika ile barua ya maombi. Niliandika kwamba nitalala popote, hata stoo. Yule mtu alilichukua jina langu kabla hata sijavuka mpaka, akalifanya panga la kumkatia mwenzangu, kisha akanikaribisha kwa kuku.

Nilikwenda ofisini kwake siku hiyo hiyo. Hakukana wala hakuona haya. Alinipa kiti akasema, "Madame, weye ni mugeni. Mugeni anakulaka, anashukuru, anaenda kwabo. Bintu ya hapa, uache shiye benyewe tutatengeneza." Nikataka kumrudishia Hélène nyumba, akasema nyumba ni ya mgeni, na mgeni akitoka ataingia mdogo wake yeye Adolphe, si Hélène. Nikaenda kwa Padri François. Padri akaniambia nyakati ni ngumu, na mwalimu mkuu anayefungua geti kila asubuhi ni neema, nivumilie. Nimevumilia mambo mengi maishani, lakini hilo lilinishinda.

Nakuambia ukweli, nilianza kuishi kwa ajili ya kumwaibisha. Nilikuwa nafundisha silabi huku natunga hotuba. Nikimwona anapita uani na tai yake, naongeza sentensi. Sikutaka afe wala augue. Nilitaka asimame mbele ya watu asiwe na pa kuficha uso, kama Hélène alivyosimama na godoro lake mvuani.

Nafasi ikaja yenyewe. Jumapili baada ya Kupaa, Sephora alipokea komunyo ya kwanza. Huku sherehe hiyo ni kubwa kama harusi: gauni jeupe, mpiga picha, wageni uani, na munkoyo, kinywaji chao cha mahindi, kwenye ndoo. Adolphe aliwaalika wazazi, walimu na padri. Nami niliwekwa meza ya mbele, mgeni rasmi, ili kila mtu aone alivyo na urafiki na watu wa nje.

Sasa, nani alinifunza kususa kama si wewe? Kwenye harusi ya Baba Mdogo, walipokuweka nyuma ya wapambe, ulisukuma sahani ya pilau ukakunja mikono. Muda si muda wazee walikuwa mbele yako na kanga mpya, wanakubembeleza, mama umekosewa nini, na wewe ukawaeleza mpaka babu akatafuta fimbo yake aondoke. Basi hiyo ndiyo mizani niliyobeba kichwani. Nitasukuma sahani. Wataniuliza, mgeni, kuna nini? Nami nitasema yote, na jina la Hélène, mbele ya padri.

Tukanawa mikono. Suzanne alipita mwenyewe na sinia, amevaa kitenge kipya, uso unang'aa. Akaniwekea paja la kuku. "Ukule, Madame," akasema. "Hii kuku ni ya ku nyumba, nilichunga minye mwenyewe."

Nikaisukuma sahani mpaka katikati ya meza, nikakunja mikono, nikasema kwa sauti ya kusikika, "Mimi hapa sili."

Nikangoja waniulize.

Shangazi, hakuna aliyeuliza. Mama Mbombo, aliyekaa karibu, alimkamata mwanawe mkono. "Dodo! Tosha mukono mu sahani!" Mtoto alikuwa na bukari mdomoni, akamtia kidole akaitoa. Walimu mezani kwao wakaweka matonge chini. Mtu nyuma yangu akanong'ona, "Mugeni ameona kintu," na mwingine akajibu, "Bageni beko na macho." Padri François alifanya ishara ya msalaba kwa mara ya pili, akakumbuka kwamba kuna mgonjwa anamsubiri.

Adolphe alicheka. Akasema, "Mais mes amis, ndugu zangu, tukule, tukule!" na akaanza kula yeye, tonge juu ya tonge, na kadiri alivyokula ndivyo watu walivyozidi kusogeza viti. Wakaaga mmoja mmoja kwa adabu zote. Sephora alibaki amesimama na gauni lake na mshumaa, na Suzanne ameshika sinia. Hotuba yangu niliyoitunga kwa miezi ilibaki mdomoni. Sikuelewa kilichotokea, ila niliuona uso wa Adolphe, na uso ule ulinitosha.

Njiani akina mama walinifuata. Wale wale wa bombani walinishika mikono. "Aksanti, Madame. Umetuokoa." Mmoja akasema, "Njo maana kale katoto Samy kalikufa." Samy alikuwa mwanafunzi wangu. Alikufa mwezi wa nne kwa homa, hospitali hapakuwa na dawa, nami nilikuwepo nikimpepea. Adolphe hakuwa na lolote katika kifo hicho zaidi ya kuchangisha watu kwa ajili ya jeneza.

Hélène ndiye aliyenifumbua macho kesho yake. Alikuja amekasirika na anacheka kwa pamoja. "Kumbe haukujua? Hapa kwetu, ukikatala chakula mbele ya bantu, unasema asema mwenye nyumba ni mulozi. Hakuna kuuliza tena. Bantu bameisha kusikia."

Mlozi, Shangazi. Mchawi. Nilikusudia kumwita mwongo, nikawa nimemwita mla watu.

Sasa sikiliza nilichofanya baada ya kuelewa. Sikufanya kitu. Padri alinisihi nisimame kanisani niseme kwamba sikukusudia uchawi. Nikamjibu kwamba mimi sikutamka neno uchawi, kwa hiyo sina neno la kufuta. Nilimwambia avumilie, nyakati ni ngumu. Uso wake ulibadilika, na nilijisikia vizuri sana.

Wazazi walikataa kuleta watoto shuleni maadamu Adolphe ndiye anayefungua geti. Haikupita wiki, akaambiwa apumzike nyumbani mpaka mambo yapoe. Hélène akarudishiwa darasa lake, akarudishiwa na nyumba. Mimi nikahamia chumba cha parokia, na nafundisha pamoja naye, yeye ubaoni na mimi kati ya madawati, kama ilivyotakiwa tangu mwanzo. Watoto walimpokea kwa shangwe. Nilifurahi mpaka nikawa naimba nikiosha vyombo. Adolphe akipita barabarani watu wanapata shughuli upande wa pili. Akitoa mkono, unabaki hewani. Nilisimama dirishani makusudi nimwone, na nilimwona, na sikumhurumia hata tone. Bado simhurumii.

Lakini kisasi hakina macho, kinampiga na aliyesimama karibu. Chakula kile nani alikipika? Watu hawakusema tu kwamba Adolphe ni mlozi. Walisema chakula cha nyumba ile kina kitu. Na vitumbua vinatoka nyumba ile.

Tangu siku ya komunyo hakuna anayenunua kwa Suzanne. Anakaanga asubuhi, anapanga kwenye beseni, anakaa. Watoto waliokuwa wakimzunguka sasa wanavutwa mikono na mama zao. Jua likipanda anafunika beseni na kurudi nalo nyumbani, na hicho ndicho wanachokula yeye na Sephora, asubuhi na jioni, mpaka unga utakapokwisha. Alihamia upande wa soko. Habari ilimtangulia.

Alikuja kwangu wiki iliyopita. Nilijua amekuja kumwombea mumewe, nikajiandaa. Hakumwombea. Alikaa kwenye ukingo wa kitanda changu, kama alivyozoea kukaa nilipougua, akasema, "Sikukuja juu ya bwana yangu. Weye na yeye, Mungu atawatengeneza. Nimekuja juu ya bitumbula yangu. Uje asubuyi, saa bantu beko. Ukule kamoya tu, bakuone."

Kitumbua kimoja, Shangazi. Hicho tu. Mkono wangu ndio ulioufunga mlango na mkono wangu ndio unaoweza kuufungua. Nilitaka kusema ndiyo. Kisha nikakumbuka kwamba nikila chakula cha nyumba ile mbele ya watu, nitakuwa nimemsafisha na yeye. Padri amenidokeza waziwazi: minong'ono ikiisha, Septemba Adolphe anarudi ofisini, maana hakuna barua wala hukumu inayomzuia, kuna hofu ya watu tu. Atafungua geti lake na tai yake. Nikamwambia Suzanne nitafikiri. Akashukuru. Alishukuru kweli, na hilo liliniudhi.

Nilimweleza Hélène nikitegemea atanishika mkono. Yeye ndiye aliyenyeshewa, yeye ndiye aliyeponda mawe. Akanitazama kama ninavyowatazama watoto wanaoruka mstari. "Nenda ukule," akasema. "Nyumba inarudiaka, Madame. Mukono ya mwanamuke, bakiisha kuisema mubaya, hairudie. Minye nitakula pamoja na weye."

Nikamuuliza, na Adolphe akirudi?

"Akirudia, atanikuta. Weye utaenda kwenu. Shiye tutabakia hapa na Suzanne."

Mwenye kidonda amekwisha kupoa, na mimi niliyeazimwa maumivu ndiye ninayekataa kuyarudisha. Nimejiuliza ni haki ya Hélène ninayoilinda au ni ile raha ya dirishani. Wewe usinijibu, nakujua utasema ya pili.

Juzi nilifika getini mapema. Wazazi walikuwa wamejaa, ilikuwa baridi, kila mtu amejifunika. Suzanne aliniona. Akasimama, akachagua kitumbua, akakiweka juu ya kipande cha karatasi, akaninyooshea. Wote wakautazama mkono wangu. Mama Mbombo alikuwepo na Dodo wake, na macho ya mtoto hayakuwa kwangu, yalikuwa kwenye kitumbua. Nilikuwa sijala tangu jana yake. Kilikuwa bado cha moto, nilikiona kinatoa mvuke.

Upande wa pili wa barabara, Adolphe alikuwa amesimama mlangoni pake bila tai, anangoja.

Nikasema, "Asante, Mama. Nimeshiba."

Suzanne alikirudisha mahali pake kwenye beseni, akafunika.

Basi, hizo ndizo habari za huku. Nisalimie Baba Mdogo, na mke wake aliyekuweka nyuma ya wapambe. Msalimie Nyanzala, mwambie gauni nitamletea. Wasalimie wakwe zako wote, na majirani wa mtaa wetu wa Ng'ambo wanaoniulizia. Wakikuuliza kama nimezoea, waambie nimezoea, watu wananiheshimu sana, sasa hakuna mlo unaoliwa hapa kabla sijatia tonge langu mdomoni.

Mungu akupe miguu mipya na usingizi mtamu, Shangazi. Na akikujalia adui, amnyime mke mwema.

Ni mimi mwanao nikupendaye, mkaidi uliyemlea mwenyewe,

Nyamizi